Ndoo ya Asali ya Maganga

Jumanne, tarehe 1 Julai

Maganga kasogeza ndoo tena. Ufa wa saruji ndio mpaka, soko zima linajua. Kushoto mie na mbuzi zangu za kukunia nazi, miiko na pawa. Kulia yeye na asali yake. Kila asubuhi anavusha ndoo upande wangu, anajifanya kaangalia pengine. Kila asubuhi naisukuma kwa mguu mpaka kwake. Mwaka wa kumi na moja huu. Sababu ni kivuli, turubai langu linaishia kwenye ufa. Asali haitaki jua, anasema yeye. Mnyamwezi hataki kununua turubai, nasema mie.

Machenza yameingia. Mbagala yote inanuka maganda. Msimu wa machenza watu hawanunui mbuzi, wanatembea wanakula, wanatema mbegu kwenye bidhaa za watu. Nimeuza mwiko mmoja. Mama mmoja kauliza ni wa mninga? Nikamwambia ni wa mpapai. Kacheka, kanunua. Ni wa mwembe.

Daftari hili aliliacha mjukuu wangu alipoolewa. Kurasa za mbele kuna hesabu za herufi. Mie niliishia darasa la nne, hesabu zangu zilikuwa za maembe. Naandika ili jioni iishe. Toka mama watoto afariki jioni hazina haraka.

Sijambo wala siumwi. Niko kama chai ya jana.


Alhamisi, tarehe 3 Julai

Asali mpya ya Maganga imefika toka Sikonge kwa basi. Ya msimu huu nyeusi kidogo, nzito. Wanawake wamejaa upande wake, wamenikanyagia miiko. Hakuna aliyesema samahani. Mmoja kanunua upawa, nikamsamehe huyo peke yake.

Anaonyesha asali kwa upawa wangu. Hili niliandike, maana siku hizi anawaambia watu ni akili yake. Mwaka juzi aliniomba nimtengenezee upawa wa kuchotea. Kazi ya nusu saa, kifuu cha nazi na mpini. Nikamtengenezea mzuri, nikausugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Halafu nikatoboa tundu katikati ya kifuu. Soko likacheka siku mbili. Siku ya tatu Mnyamwezi akachota asali mbele ya wateja, akaunyanyua upawa juu usawa wa kifua. Asali ikashuka tunduni kama uzi mpaka ndani ya ndoo. Haukatiki.

"Asali yenye maji inadondoka," akawaambia. "Yangu inashuka."

Toka siku hiyo hauzi bila upawa wenye tundu. Nilimchokoza, nikamtajirisha. Nilinuna wiki nzima.

Utani wetu si wa kuchagua. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Babu zake walishuka pwani na mizigo kichwani, babu zangu wakawapokea na kuwapunja. Toka hapo tunatukanana, tunanyang'anyana chakula, tunazikana. Mtani hakasiriki. Mtani haombi radhi. Msibani mtani ndiye anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaiba nyama jikoni, anaziba njia ya kaburi mpaka apewe kitu. Watu wanacheka, kilio kinapungua makali. Asipotokea mtani, wanasema marehemu hakuishi na watu.

Maganga anasema atanizika yeye. Ati atalala kwanza kaburini kwangu apime, maana Mzaramo halali pasipo na nafasi ya kujigeuza.


Jumamosi, tarehe 5 Julai

Maganga kasema mkono wa kushoto mzito. Nikamwambia babu zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu, wewe ndoo ya lita ishirini imekushinda, wewe Mnyamwezi wa kuokotwa. Kacheka. Kanijibu kwamba Mzaramo hajawahi kubeba kitu kizito kuliko sahani ya pilau. Shani, dada anayeuza machenza mbele yetu, kacheka mpaka fungu likamporomoka.

Shani huyo huyo. Mwaka jana, msimu kama huu, alinijia mbio nyumbani Ijumaa, mie ndio natoka msikitini. Babu Kondo, Mzee Maganga amekata roho sokoni. Nikapanda bodaboda na kanzu yangu nyeupe. Tukaanguka kwenye mtaro. Nikafika sokoni na tope mpaka kiunoni, kiatu kimoja. Nikamkuta Maganga amekalia mbuzi yangu, anamenya chenza. Soko zima limesimama linasubiri sura yangu.

"Mzaramo amewahi ubwabwa," akasema.

Nilicheka nao. Ningefanyaje. Nyumbani nilikaa na kanzu ile ya tope mpaka magharibi. Hilo sikumwambia mtu. Nikaapa, Mnyamwezi huyu hanikimbizi tena hata afe mara mbili.


Jumatatu, tarehe 7 Julai

Sikukuu. Soko limefurika. Mbaazi mbichi zimeingia toka kusini, na mbaazi bila nazi si mbaazi. Kwa hiyo mbuzi zimetoka tatu, pawa nne. Kila mwaka nasubiri mbaazi kama wengine wanavyosubiri mshahara.

Ndoo ya Maganga leo haikuvuka ufa. Nimengoja mpaka saa nne. Nikamuuliza, umeokoka? Kasema leo hana nguvu za ugomvi, niisogeze mwenyewe. Sikuisogeza. Nilijua ni mtego. Jua likaipiga ndoo, yeye kakaa tu anajipepea na kipande cha boksi.

Jioni mkewe, Mama Kulwa, kaja kumsaidia kufunga. Siku nyingine haji. Maganga kasimama kwenye ufa, kanambia:

"Kondo, siku yangu uvae koti la kahawia. Lile la harusi ya Kulwa uliache, utalichana na tumbo."

Nikamwambia nitavaa yote mawili na suruali juu yake.

Mama Kulwa hakucheka. Yeye huwaga anacheka kabla ya wote. Nililiona hilo. Nikaliacha lipite.


Jumatano, tarehe 9 Julai

Leo wamejaribu tena.

Saa tano Shani kanijia mbio, kaacha machenza peke yake. Mama Kulwa kampigia simu yeye, kwa kuwa mie simu yangu ilizama kwenye tui mwaka jana na sikutaka nyingine. Maganga kaanguka nyumbani, ananiita.

"Anasema uje umbebe, babu. Anasema leo mzigo ni yeye."

Nilicheka mpaka tezo la kuchongea likanitoka mkononi. Maneno yake kabisa. Mnyamwezi kakaa siku ngapi anayatunga. Nikamwambia Shani kwa sauti, wote wasikie: "Mwambie afe kwanza. Mie kazi yangu kuzika, si kubeba." Soko likacheka.

Shani kasema, safari hii sijui, babu, sauti ya mama si ya mchezo. Nikamwambia na yako mwaka jana haikuwa ya mchezo. Kaona aibu. Karudi kwake, nimemwona anaongea na simu.

Nikaendelea kuchonga. Mbuzi moja ya kukunja nimeimaliza, miguu imekaa sawa. Mchana nikatazama njia mara tatu. Nilikuwa namngoja atokee anacheka. Hakutokea. Nikasema ananingoja mie nichoke, basi tuone nani atachoka. Kwake ni mwendo wa dakika kumi.

Nimefunga saa kumi na moja. Nimerudi kwa njia ya barabara kubwa, nisipite mlangoni kwake. Hanikimbizi.


Alhamisi, tarehe 10 Julai

Amekufa kweli.

Jana saa tisa. Ndani ya bajaji, kabla ya kufika hospitali.

Waliniita saa tano.

Nimekunywa chai. Chapati moja.


Ijumaa, tarehe 11 Julai

Nimeshinda msibani. Turubai la kukodi, viti vya plastiki. Nimekaa na wanaume. Nilingoja kitu kije kifuani. Hakikuja. Nilihesabu nguzo za turubai, ziko sita. Nikazihesabu tena. Wali ulipoletwa nilikula. Wali mpya, unanukia. Nikaongeza. Mtu kaniita, sikwenda, na wali wake nimeongeza. Hivyo ndivyo nilivyo, niandike hivyo.

Shani kanikalia karibu, kanieleza bila kuulizwa. Naandika nilivyosikia.

Maganga alianguka uani, karibu na ndoo za maji. Majirani wakaja mara moja, wanaume watatu, na bajaji ikaitwa. Akakataa wasimguse. Akakaa kaegemea ukuta, jasho linamtoka, kasema mie mpagazi wangu anakuja, mwiteni Mzaramo, leo mzigo ni mie. Alikuwa anacheka. Shani alipompigia Mama Kulwa kumpa jibu langu, lile la afe kwanza, Mama Kulwa akamwambia mumewe. Maganga kacheka zaidi. Kasema, "Mzaramo akisema haji, yuko njiani."

Akaningoja. Kila wakitaka kumnyanyua anawasukuma. Ati hawezi kubebwa na watu wasiojua bei ya Mnyamwezi. Mpaka saa nane, sauti ikamkauka. Ndipo wakambeba kwa nguvu.

Shani kamaliza, kafuta macho kwa ncha ya khanga. Mie nimetazama sufuria.

Yeye alijua mie najua ni kweli. Mie nilijua yeye anacheza. Miaka kumi na moja tunajuana.

Maziko ni kesho. Mkristo yeye, na wanamngoja Doto, pacha wa Kulwa, atoke Tabora. Kila anayenisalimia ananambia, Mzee Kondo, kesho tunakutegemea. Wananitazama mdomoni. Mdomo mkavu kama kifuu. Nisipofanya utani watasema Maganga hakuwa na mtani. Nikifanya, mie ndiye niliyesema afe kwanza.


Jumamosi, tarehe 12 Julai

Asubuhi Mama Kulwa kanipa koti la kahawia. Kwa mikono miwili. Nikalivaa. Mikono imepita vidole. Linanuka asali na moshi. Mfukoni kuna ganda la chenza lililokauka.

Nikatembea kama yeye. Kifua mbele, mguu wa kulia unachelewa. Nikaingia jikoni kwa wanawake, nikanyakua paja la kuku sufuriani, nikasema marehemu kanituma, chumvi haitoshi. Wakacheka. Nikafunua ndoo ya asali iliyokuwa barazani, nikachungulia, nikasema hii ina maji, ndio maana mwenyewe kajificha. Wakacheka zaidi, na shangazi yake mmoja aliyekuwa hajatulia toka jana akatulia. Sauti yangu nilikuwa naisikia kwa mbali kama redio ya jirani. Kumbe kazi ya utani haihitaji mtu awepo. Mdomo unajua njia.

Makaburini vijana sita wamebeba jeneza. Hapo ndipo mtani anapoziba njia. Kila mtu anajua inavyokwenda. Nasimama, naropoka, natajiwa kuku, nakataa, natajiwa kuku na jogoo, napisha. Maneno ya kuku nilikuwa nimeyapanga toka alfajiri. Nilikuwa na moja zuri kuhusu kuku wa Tabora anayetembea na mzigo.

Nikasimama kwenye njia, nikanyoosha mikono, mikono ya koti ikaning'inia. Maneno ya kuku hayakuja. Nikasema:

"Shusheni. Mzigo huo si wenu. Niliitwa mie, toka Jumatano saa tano."

Watu wakacheka. Walicheka kweli, hata katekista kageuza uso. Nikasema tena, polepole, wanielewe.

"Aliniita nije nimbebe, sikwenda. Nikasema afe kwanza. Haya, kafa. Nimekuja."

Wakaangua kicheko. Mama mmoja kajipiga mapaja, mwingine kanitupia chenza, likanigonga begani. Nikasikia mtu nyuma anasema huyu mzee ni fundi, utani wa siku hizi hakuna. Nilikuwa nawaambia kweli tupu mbele ya jeneza, wao wanashika mbavu. Ningesema nini kingine. Nimevaa koti la marehemu, natembea kama marehemu, nani ataniamini.

Shani hakucheka. Mama Kulwa hakucheka. Alisogea mpaka mbele yangu, akanitazama. Nilidhani atanipiga, na ningesimama.

"Mpeni," akawaambia vijana. "Abebe."

Kijana wa mbele kulia akanipisha. Nina miaka sabini na mbili. Nikaweka bega. Maganga mzito. Sijui kwa nini nilidhani atakuwa mwepesi. Njia ya mchanga, miguu inazama. Watu nyuma walikuwa bado wanacheka, wananingoja niseme jingine. Sikusema. Kicheko kikapungua, kikaisha, zikabaki nyayo.

Nilitegemea nitalia hapo. Sikulia. Nilikuwa nafikiria mguu wa kulia tu, uchelewe kama wake, nisiukosee.

Tumemshusha. Nimetupa udongo. Chenza nimelitia mfukoni pamoja na lile ganda.


Jumapili, tarehe 13 Julai

Bega limevimba. Tezo halinyanyuki.

Nimekula chenza la mfukoni. Tamu. Hata hilo limenikera.


Jumatano, tarehe 16 Julai

Sokoni. Kulia kwa ufa hakuna kitu. Nimekaa, nimepanga miiko, na mguu ukaenda wenyewe kusukuma ndoo. Ukasukuma hewa. Shani kaona. Kajifanya anapanga machenza yaliyokwisha pangwa.

Wateja wanauliza asali. Nawaambia Mnyamwezi kasafiri. Watatu wamesema nimpe salamu. Nimesema zitafika.

Saa sita mkubwa wa soko kaja na mama mmoja wa ubuyu na ukwaju. Msimu wake ndio unaingia, hana pa kukaa. Kaonyeshwa upande wa Maganga. Nikasema hapo pana mwenyewe. Mkubwa kasema, mwenyewe si tulimzika wote, mzee wangu, na ulitufurahisha sana. Nikasema mkewe anakuja kushika biashara mwezi ukiisha. Uongo. Mama Kulwa sijaongea naye toka makaburini. Nikasambaza mbuzi zangu sita ng'ambo ya ufa, nikazifungua miguu zote, zikakaa kama zinanywa maji. Mama wa ubuyu kasonya. Mkubwa kasema basi, mwisho wa mwezi, mzee, zaidi ya hapo usinitie kwenye lawama.

Kivuli chote changu sasa. Sijui nikifanyie nini.


Jumanne, tarehe 22 Julai

Nimekwenda kwa Mama Kulwa kurudisha koti. Nimelikung'uta, nimelikunja vizuri kuliko ninavyokunja vyangu. Kulwa alikuwa anafua uani. Kaniona, kasema shikamoo bila kunitazama, kaingia ndani. Haki yake. Pale ukutani alipoegemea baba yake pamewekwa ndoo za maji.

Mama Kulwa hakulipokea koti. Kasema koti la mtani halirudi, kaniuliza nimeishi pwani miaka mingapi sijui hilo. Kanipa uji. Tukakaa kwenye mkeka, kila mtu na kikombe chake.

Nikamwambia nafasi ya soko naishikilia, nimemdanganya mkubwa kwamba anakuja. Kanywa uji wake. Ikabaki ile nyingine. Nikaweka kikombe chini. Lile neno watani hawaambiani, mie nilikuwa nalo ulimini, la kwanza toka nizaliwe. Kaniwahi.

"Usiniombe radhi, Mzaramo. Ukiniomba radhi na utani nao umekufa, na mie sina nguvu ya msiba wa pili."

Nikaokota kikombe.

"Nimekukasirikia," kasema. "Na yeye nimemkasirikia, aliyekataa kunyanyuliwa na watu watatu wazima. Nitawakasirikia nyote mpaka nichoke. Kunywa uji."

Nikanywa. Ulikuwa hauna sukari. Sijui kasahau au kanikomoa. Nimetoka sijui.


Jumapili, tarehe 27 Julai

Nimeshinda nyumbani natengeneza pawa. Mbaazi bado zipo, pawa zitatoka. Nimemaliza tano. Nimezisugua, nimezipaka mafuta, nimezipanga dirishani zikauke.

Jioni nimeziangalia. Zote tano nimezitoboa tundu katikati.

Siku nne zimebaki za mkubwa wa soko. Mama Kulwa hajatuma neno.


Alhamisi, tarehe 31 Julai

Mkubwa kaja na mama wa ubuyu, na gunia lake tayari kichwani mwa mtu. Nikasema Jumamosi. Kasema ulisema mwisho wa mwezi. Nikasema mwezi wa Kinyamwezi una siku thelathini na tatu, hawa watu walitembea kwa miguu, walichelewa kila mahali mpaka kalenda. Kacheka. Kaniachia.

Sikuwa nacheka mie. Kazi tu.


Jumamosi, tarehe 2 Agosti

Machenza yanaisha. Yaliyobaki makavu, unamenya unakuta pamba. Machungwa ndiyo yameshika njia, na Shani kahamia machungwa.

Saa moja na nusu bajaji ikasimama. Mama Kulwa. Ndoo moja ya asali, kibao cha kukalia, upawa wenye tundu. Nikanyanyuka nimsaidie, kasema kaa, bega lako nalijua. Kashusha mwenyewe. Hatukusalimiana sana. Nimeondoa mbuzi zangu upande wake moja moja. Yeye kaiweka ndoo kwake, mbali na ufa, hatua nzima ndani, kama mgeni anayeogopa kukanyaga mkeka wa watu. Katundika upawa kwenye msumari ule ule.

Mama wa ubuyu kapita, kaona, kaendelea na safari. Shani kamtafutia nafasi pembeni yake.

Saa nne jua likafika kwenye ndoo. Mama Kulwa kaenda bombani kuchota maji ya kunawa. Nikanyoosha mguu. Haukufika, kaiweka mbali mno. Nikanyanyuka. Nikaikamata kwa mikono miwili, bega likalia, nikaivusha ufa. Nzito. Nikaiweka kivulini juu ya nafasi ya miiko yangu, nikakaa, nikashika tezo.

Karudi. Kaitazama ndoo. Kanitazama mie.

"Mzaramo, wizi umeuanza mapema."

"Imekuja yenyewe," nikasema. "Watu wa bara mna vitu vyenye miguu."

Kaweka maji chini. Kavuta kibao chake mpaka kwenye ufa, kakaa. Ndoo kaiacha ilipo.

Mteja wa kwanza kaja saa tano hivi, kijana na mkewe, wanataka kujua kama haina maji. Mama Kulwa kachota, kanyanyua upawa juu. Asali ikashuka. Uzi ukapinda huku na huku. Haukukatika.

Nimeuza mwiko mmoja. Wa mwembe.